Bamvua Saa Tisa

Kicheko ndicho nilichokisikia kwanza. Kilikuwa kicheko cha mwanamume, kirefu, cha kutokea puani, na kilipokwisha kilianza tena kwa pumzi ileile. Nikajua ni rekodi. Nikajua pia kwamba anayeirudia hairudii kwa furaha.

Nikasukuma pazia la kibanda cha dada Wahida, pale anapotengeneza simu za watu hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Mdogo wake, Chaquir, alikuwa amekaa juu ya kreti la soda na simu mkononi. Hakuniangalia.

"Nani huyo anayecheka kama punda?" nikauliza.

"Gaspar."

"Gaspar wa Maputo?"

"Gaspar gani mwingine, Shamte? Ameufungua mchezo wetu."

Vijana nchi nzima wanamfuata Gaspar kwenye chaneli yake. Kazi yake ni kucheza michezo ya video mbele ya kamera na kuihukumu. Akisema nunueni, wananunua. Akisema takataka, umekwisha. Nikamnyang'anya Chaquir simu, nikatazama.

Kioo cha kompyuta ya Gaspar kilikuwa kimejaa maji. Maji ya buluu, mawimbi madogo, ncha mbili za miti ya goli zikichungulia, basi. Gaspar alibonyeza hiki, akabonyeza kile. Akatikisa kompyuta. Akaangua kile kicheko. "Marafiki," akasema kwa Kireno, "nimeletewa mchezo wa mpira ambao hauna mpira, hauna wachezaji, hauna uwanja. Una maji. Alama mbili kwa kumi. Moja ni ya rangi ya maji, nyingine ni ya huruma."

"Aliufungua maji yamejaa!" nikasema. "Mjinga huyu aliufungua maji yamejaa!"

"Ndiyo," akajibu Chaquir. "Na hakuna aliyemwambia."

Sasa nikueleze, maana hata wewe huenda ungecheka. Mchezo wetu unaitwa *Bamvua*, jina la siku zile za mwezi ambapo bahari hujaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Watu wanne wanacheza mpira ufukweni, mbele ya televisheni moja. Kuna komando mbili tu, vile vishikio vya kubonyeza, na kila komando inashikwa na watu wawili: mmoja upande wa kushoto anakimbia, mwenzake upande wa kulia anapiga. Msipopatana mnakimbiza mpira baharini. Mwamuzi ni kaa. Akiogopa anaingia shimoni, na akiwa shimoni hakuna rafu. Dada Wahida ndiye sauti ya mtangazaji, anawasuta wachezaji kwa beti nilizozitunga mimi. Na ukicheza, maji yanapanda. Uwanja unapungua, unapungua, mpaka mnacheza kwenye mchanga wa upana wa mkeka.

Lakini maji hayo si ya kubuni. Chaquir aliyafunga kwenye saa ya kompyuta na hesabu ya mwezi, yakawa maji ya ghuba yetu hii ya Tungue, saa kwa saa. Hapa yakijaa, mle yanajaa. Sisi tulioutengeneza hatukuwahi kuufungua maji yakiwa juu, wala hatukujua kwamba hatukuwahi. Ni nani pwani hii aliyewahi kubeba mpira kwenda ufukweni wakati wa maji kujaa? Miguu yenyewe inajua. Basi tulitengeneza mchezo kwa miguu yetu, tukaupeleka kwa watu wenye miguu ya lami.

"Naitoa bahari," akasema Chaquir.

"Unatoa nini?"

"Bahari, Shamte. Nimeshaanza. Ufukwe mkavu, uwanja mmoja, dakika kumi, kama michezo ya watu wengine."

"Ukitoa bahari umebaki na nini? Kaa na filimbi!"

"Nimebaki na mchezo unaofunguka."

Nilitoka na hasira zangu, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimetunga jibu. Dada Wahida akalisoma kwa sauti yake ile ya mtangazaji, mimi nikalirusha mitandaoni:

*Umefika maji juu, ukacheka pwani yetu,*
*Hukuuliza wakuu, hukubisha hodi kwetu,*
*Ukapima kwa makuu, kina usichothubutu,*
*Rudi maji yakishuka, uone mchezo wetu.*

Liliwaka kama makuti. Kuanzia Kionga mpaka Mtwara watu walilitumiana, mtu akalitia Kireno, likamfikia mwenyewe. Jibu likaja. Gaspar alisema anakuja Palma wiki hiyohiyo, kuna kampuni imemwita kupiga picha za video. Jumamosi saa tisa alasiri ana nafasi. Wekeni televisheni, akasema, nitacheza na nyinyi moja kwa moja, wafuasi wangu wote wakitazama. Mchezo ukinifurahisha nitasema. Usiponifurahisha nitasema pia, na hiyo itakuwa mara ya mwisho kuutaja.

"Tufikirie kwanza," akasema Chaquir.

Mimi nilikuwa nimeshaandika: *Njoo. Tunakungoja.*

Tulikuwa bado tunabishana dada Wahida alipoinua uso kutoka kwenye simu aliyokuwa anaichokonoa. "Jumamosi msinitegemee kuonja chakula cha mgeni," akasema. "Nitakuwa nimefunga. Ndiyo siku ya mwisho ya zile siku nyeupe."

Chaquir akaanza kuhesabu kwa vidole. Anayefunga siku nyeupe hufunga tarehe kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano za mwezi wa Kiislamu, mwezi ukiwa mpevu. Na mwezi ukiwa mpevu, kwetu, saa tisa alasiri bahari imejaa mpaka inapiga mizizi ya minazi.

"Umemwalika mgeni aje acheze mpira ndani ya bamvua," Chaquir akasema polepole. "Wewe. Mtunzi wa mchezo unaoitwa *Bamvua*."

"Tumwambie abadilishe saa."

"Umemtukana mbele ya nchi nzima, sasa umwombe abadilishe saa? Atacheka mpaka Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, wasikie." Akasimama. "Sikiliza. Kompyuta nitaiwasha kama ilivyo, kwa sababu umeshaahidi mbele ya watu. Lakini ule mkavu nitauweka pembeni, tayari. Gaspar akiinuka kabla hajagusa mpira, namfungulia ule mkavu, na hii bahari naifuta siku hiyohiyo. Na usiniletee beti."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumwambia kwamba ana haki.

Jumamosi uwanja wa nyumba ya dada Wahida ulijaa kabla ya wakati. Watu waliketi kwenye mikeka, juu ya vinu vilivyolazwa, juu ya ukuta. Televisheni iliwekwa kibarazani chini ya turubai. Aliyeketi mbele kabisa, bila kualikwa, alikuwa Kurwa, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Mtwara, mtani wa kila mtu.

"Wapalma!" akasema. "Nasikia leo mnacheza mpira chini ya maji. Ndiyo maana Kionga wanawafunga kila mwaka, wao wanacheza nchi kavu."

"Kurwa, wewe huna hata timu," mama mmoja akamjibu. "Timu yako ni viroba vya vitenge." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Gaspar alishuka kutoka kwenye gari la kampuni. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, na mpole wa mikono. Alisalimia watu wote kwa zamu, akavua viatu penye mkeka bila kuambiwa. Hilo liliniudhi, nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mbaya. Dereva akamwambia kwamba atarudi kumchukua kabla ya magharibi, maana kwa ajili ya usalama wageni hawaruhusiwi kuwa nje giza likiingia.

Gaspar akaweka simu yake kwenye kijiti chake, ikaanza kurusha matangazo. "Marafiki, niko Palma," akasema. "Mshairi aliyenisuta huyu hapa. Mshairi, sema neno."

"Karibu," nikasema. Ndilo neno lililopatikana.

Chaquir akawasha.

Maji. Kioo kizima, maji. Ncha za goli zilikuwa hazionekani hata kidogo, maana ile ilikuwa bamvua kamili. Spika ikatoa sauti ya mawimbi, shwaa, shwaa, na nyuma ya nyumba bahari yenyewe ikaitikia kwa sauti ileile, katika pumzi ileile. Gaspar hakusikia. Alikuwa anatazama simu yake, ambako vicheko vya wafuasi vilikuwa vinapanda kama povu.

"Ni yaleyale," akasema. Hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nimepanda ndege kuja kuona maji yaleyale."

"Maji yamejaa," nikamwambia. "Lazima usubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yatoke."

"Mshairi, ulisema sikubisha hodi." Alinigeukia, na kamera ikanigeukia. "Nilibisha. Nilibonyeza kila kitufe kilichopo. Nilikaa pale nikingoja mtu aseme kitu. Hakuna aliyeitika. Nyumba gani hiyo, mgeni anagonga na wenyewe wamo ndani kimya?"

Kireno chake kilikuwa chepesi, kila mtu mle aliyepita shule alikielewa, na walioelewa waliwanong'oneza wenzao. Nilihisi macho ya uwanja mzima mgongoni. Ningeitwa mwizi ningejua la kujibu. Kuambiwa kwamba mgeni aligonga kwangu na sikuitika, hilo halina ubeti.

Gaspar akaweka kiganja juu ya mkeka, kama mtu anayetaka kuinuka.

Chaquir akauona mkono ule. Nami nikauona wa Chaquir ukienda kwenye kompyuta, kule pembeni alikouweka mchezo mkavu. Nikaruka, nikamshika kifundo cha mkono.

"Niache," akasema, bila kupaza sauti.

"Usifanye."

"Shamte, niache. Mara ya pili hii nachekwa. Wewe unachekwa kwa ubeti mmoja, mimi nachekwa kwa kazi ya miaka."

"Ukiufungua huo mkavu, tumekubali kwamba alikuwa na haki ya kucheka."

"Mwachie!" Ilikuwa sauti ya dada Wahida kutoka mlango wa jikoni, kavu kwa saumu. "Mwachie mkono, Shamte. Umeitunga sauti yangu, yeye ameyatunga maji. Maji ni yake. Akitaka kuyamwaga, atayamwaga mwenyewe, usimshike kama mwizi wa kuku."

Nikamwachia. Ilikuwa kama kuachia kamba ya ndoo kisimani. Alama za vidole vyangu zilibaki kwenye ngozi yake. Chaquir alikaa na mkono juu ya kitufe, akitazama maji.

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mbele za watu. Akazungumza.

"Senhor Gaspar," akasema, "mchezo huu niliuanza Pemba. Tulikuwa tumekimbia vita hapa Palma, unajua mwaka ule. Tunalala watu kumi na mbili chumba kimoja. Kila mtu analilia nyumba yake, mimi nyumba yangu ilikuwa imeungua, sikuwa na la kulilia. Nikawa najiuliza tu, saa hizi pale Tungue maji yamefika wapi. Kila siku najiuliza. Basi nikatengeneza maji kwanza. Kabla ya mpira, kabla ya kaa. Nikiamka nafungua, natazama, najua: yamejaa. Au: yametoka, watoto wangekuwa wanacheza. Mpira uliingia baadaye, kwa sababu ya huyu." Akanionyesha kwa kidevu. "Sikufikiria mtu atakayefungua bila kuwa na hamu ya kuyaona."

Akauondoa mkono kwenye kompyuta, akauweka mapajani.

"Yatatoka yenyewe," akasema. "Ukiweza kukaa, kaa."

Gaspar alitazama kioo. Halafu akageuza kichwa, nadhani ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza ile sauti ya nyuma ya nyumba. Akainuka. Akapita ukumbi, akatokea mlango wa nyuma, na watu wakamfuata, nami nikafuata. Bahari ilikuwa imepanda mpaka kwenye minazi, tulivu, imeshiba. Alisimama akaitazama. Akarudi akatazama televisheni. Akarudi tena nyuma.

"Ni haya haya?" akauliza.

"Ni hayo hayo," Kurwa akamjibu kwa Kireno kibovu. "Na yanaanza kutoka. Tazama pale kwenye gogo, limeshalowa na sasa maji yameliacha."

Gaspar akaketi tena. Simu yake ilikuwa inaendelea kurusha, lakini aliigeuza ikatazama televisheni badala ya uso wake.

Kungoja kule kulikuwa na miiba. Dada Wahida akaleta wali wa nazi na samaki kwa mgeni, Kurwa akamsaidia kula bila kuombwa. Watu wakaanza kuchagua timu, kama tunavyofanya siku zote maji yakiwa juu: kubishana, kutukanana, kukumbushana magoli ya zamani. Kurwa akamdai Gaspar awe wake. "Wageni wawili tutashika komando moja," akasema. "Wenyeji washike nyingine, na wenyeji wenyewe hao hawasemeshani." Kweli hatukuwa tunasemeshana. Mimi nilikuwa natazama jua. Jua lilikuwa linashuka haraka kuliko maji.

Ncha za goli zikatokea. Kisha miti. Kisha, pembeni kabisa mwa kioo, ukatokea mstari wa mchanga mwembamba kama kamba. Uwanja mzima ukapiga kelele. Kaa akachomoza jicho moja kutoka shimoni, akalirudisha, watu wakazidi kupiga kelele. Mstari ukawa mshipi, mshipi ukawa mkeka. Filimbi ikalia.

Sisi wenyewe hatukuwahi kuucheza mchezo kutoka upande huo. Siku zote tulianza na uwanja mpana tukamalizia na mwembamba. Sasa wachezaji wanne walikuwa wamebanana kwenye mkeka wa mchanga, wanasukumana kwa makalio, mpira hauna pa kwenda ila juu. Gaspar alikuwa akikimbia, Kurwa anapiga, na hawakupatana hata kidogo. "Kushoto, bwana, kushoto!" "Wewe ndiye kushoto!" Wote wawili wakatumbukia majini. Sauti ya dada Wahida ikatoka kwenye spika:

*Wageni wamelowana, nguo waanike wapi?*

Dada Wahida mwenyewe, mlangoni, akajifunika uso kwa ncha ya kanga.

Mimi nilikuwa nakimbia, Chaquir anapiga. Mwanzo nilikimbia kwa hasira, naye akapiga kwa hasira, tukafungwa. Gaspar alipiga ukelele wa mtoto. "Sogea," Chaquir akaniambia kwa meno. "Umekalia mkono wangu." Nikasogea. Mchanga ukapanuka kidogo. Nikaisikiliza pumzi yake, nikakimbia kwa pumzi hiyo, na mara mpira ukawa mbele ya mguu wake pale alipoutaka. Goli. Tukawa sare, moja kwa moja. Kaa akaingia shimoni.

Honi ikalia nje. Gari.

"Subiri!" Gaspar akafoka, bila kuinua macho. Honi ikalia tena, ndefu. Dereva akaingia mpaka kibarazani, akaonyesha jua kwa kidole. Gaspar akabaki na komando mkononi, jasho linamtiririka. Nilimwona akifikiria kukaa. Halafu akaiweka chini, akaichukua simu yake, akaigeuzia uso.

"Marafiki," akasema, "sijacheka hivi na mtu nisiyemjua tangu utotoni. Dakika hizi chache ni mpira mzuri kuliko wote niliowahi kuuona kwenye kioo." Watu wakaanza kushangilia. Akainua mkono. "Lakini zile alama mbili sizifuti. Yule anayeufungua Maputo, peke yake chumbani, hana Kurwa. Hana mtu wa kumwambia kaa, yatatoka. Mpaka nyumba hii itakapojifunza kuitikia hodi, msiununue."

Akazima. Akampa Chaquir mkono, akamshukuru dada Wahida, akanishika bega mimi na kupita. Gari likaondoka.

Mwadhini akaanza kuadhini. Dada Wahida akachukua tende moja, akafuturu palepale kizingitini. Watu wakatawanyika wakibishana: wengine wanasema tumeshinda, wengine wanasema tumeaibishwa. Kurwa alisema yote mawili.

Chaquir hakuinuka. Kwenye kioo ufukwe mtupu ulikuwa unazidi kupanuka, na kidole chake kilikuwa kimerudi pembeni, juu ya ule mchezo mkavu.

"Amecheza," nikasema. "Amegusa mpira. Tulikubaliana."

"Amegusa. Na amesema wasinunue." Sauti yake haikuwa na ugomvi, ilikuwa imechoka tu. "Mimi mlango siwezi kuutengeneza, Shamte. Naweza kupiga hesabu ya maji. Kumwambia mtu wa Maputo akae, kwa maneno ya kumfanya akae, hiyo siyo hesabu. Na wewe unachojua ni kusuta."

Ningeweza kumjibu. Nilikuwa na jibu tayari, la vina, kali. Nikalimeza, likashuka kama mwiba wa samaki. Nikachuchumaa mbele yake mpaka akanitazama.

"Usiifute bahari," nikamwambia. "Mtu yeyote atakayefungua mchezo huu akakuta maji, awe wa Maputo au wa wapi, atanikuta mimi mlangoni. Nitamwitikia kwa Kiswahili na kwa Kireno, hata kama Kireno hicho itabidi nikajifunze upya kwa kuombaomba. Nitamwambia maji ya nani haya, yatatoka saa ngapi, na nitakaa naye mpaka yatoke. Sitamsuta. Nakuahidi, Chaquir, mbele ya dada yako na saumu yake: hakuna atakayegonga tena kwetu akakosa mtu."